Barua ya kuacha kazi ambayo sikuiandika

Mwezi wa tatu mwaka 2021 nilipata kazi ya ukeshia kwenye depo moja ya unga, mafuta na sabuni hapa Lubumbashi, Kongo, upande wa Kampemba. Jina la depo silitaji. Tulimalizana kwa karatasi mbele ya inspekta wa kazi, na neno nililolitoa pale nimelishika. Naandika yaliyonipata mimi kwa sababu kila nikikaa kwenye foleni ya kliniki namsikia dada mwingine akisimulia habari hiyohiyo ya kuondolewa kazini kwa ajili ya mimba, na karibu wote wamekwisha kusaini barua ya kuacha kazi.

Mshahara ulikuwa dola 220 kwa mwezi. Kodi ya nyumba yetu Katuba, ada ya mtoto wa kwanza, mchango wangu wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu), vyote vilitoka humo. Mume wangu ni fundi umeme, na fundi anakula siku kazi ikiwepo. Kontra yangu ya kwanza, yaani mkataba wa kazi, ilikuwa ya miezi sita. Ikaisha, nikapewa nyingine ya miezi sita. Mwezi wa tatu 2022 nikapewa ya tatu. Hiyo ilipofika mwisho tarehe 31 Agosti hakuna aliyeniita. Niliendelea kufungua droo ya pesa kila asubuhi, na mshahara ukaendelea kuja. Wakati huo sikujua kwamba kuzihesabu kontra kungekuja kunisaidia.

Mimba niliijua mwezi wa sita, wakati wa baridi yetu ya kiangazi, watu wanapotoka asubuhi wamevaa makoti. Nilikaa nayo kimya mpaka mwezi wa saba, ndipo nikamwambia shefu wa wafanyakazi. Nilimwambia kwa mdomo tu, tumesimama mlangoni pa stoo, naye ameshika karatasi za lori lililotoka mpakani Kasumbalesa. Akasema, "Hongera, mama," akapita zake. Nikaona nimetimiza wajibu.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na lilinigharimu sana. Miezi baadaye shefu huyohuyo aliapa mbele ya inspekta kwamba hakuwahi kuambiwa habari ya mimba. Nami nilikuwa na nini mkononi? Sikuwa na kitu. Kwa hiyo wewe unayesoma, siku daktari akikuthibitishia, mwombe cheti. Andika barua ya mistari mitatu: mimi fulani, nina mimba ya miezi kadhaa, nategemea kujifungua mwezi fulani, cheti hiki hapa. Fanya nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakugongee muhuri na kuandika tarehe ya kupokea, ile watu wa ofisi wanayoita akize. Wakikataa kugonga muhuri, piga picha barua na cheti, umtumie shefu kwenye simu yake. Ujumbe uliofika nao una tarehe.

Mwezi wa nane nilikuta msichana mwingine amekalia kiti changu. Hakuna aliyenieleza kitu. Shefu alinionyesha stoo kwa kidole, akasema huko kuna kazi ya kuhesabu magunia. Stoo haina kiti. Kutwa nzima nilisimama kwenye sakafu ya saruji na daftari mkononi, vijana wanapakua magunia ya kilo 25, vumbi la unga linanipalia. Saa nane mchana miguu ilikuwa imejaa mpaka viatu havifungiki. Niliomba benchi. Nikaambiwa wateja wakiniona nimekaa watafikiri depo inafuga wavivu.

Nilitaka sana kulia, lakini niliogopa kulia kazini. Nilikuwa nafika nyumbani, naweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, nalia pale.

Mwezi wa tisa nilianza kuona damu. Daktari akaniandikia siku 10 za kulala, na kwenye cheti akaandika wazi kwamba kuna hatari kwa mimba. Mume wangu alikipeleka depo. Hatukubaki hata na fotokopi. Mwisho wa mwezi walinikata dola 84 na senti, siku 10 kamili, na kwenye karatasi ya malipo wakaandika kwamba nilikosekana bila ruhusa. Baadaye nilikuja kusomewa kifungu cha 129 cha Sheria ya Kazi: mwanamke mwenye mimba ambaye daktari amethibitisha hatari kwake au kwa mtoto ana haki ya kusimamisha kazi, na kusimama huko hakuwezi kufanywa sababu ya kuvunja mkataba. Kumbe kitanda kile nilichokilalia nikitetemeka kuwaza kazi kilikuwa haki yangu.

Sasa nifike kwenye ile Ijumaa ya tarehe 28 Oktoba.

Ilikuwa siku ya mshahara. Kwetu tulilipwa kwa bahasha, na unasaini mahali pawili: kwenye daftari la malipo na kwenye karatasi ya mshahara. Siku hiyo shefu aliniwekea karatasi tatu mezani. Ya tatu ilikuwa na mistari minne iliyopigwa kwa mashine. Niliisoma. Ilisema mimi, kwa hiari yangu, kwa sababu za kifamilia, naacha kazi kuanzia tarehe 31 Oktoba, na sidai kitu. Nilimtazama. Akasema kwa sauti ya upole, "Mama, hii ni taratibu tu. Kontra yako imekwisha tangu mwezi wa nane, tumekuvumilia. Ukisaini, ukishazaa unarudi. Usiposaini, hata hiyo bahasha siwezi kukupa, maana mkubwa ameshafunga hesabu."

Bahasha ilikuwa chini ya kiganja chake. Niliiona kona yake. Nyumbani mwenye nyumba alikuwa amekuja mara mbili wiki hiyo.

Nikasaini.

Sikuomba nakala. Wala sikuandika neno lolote pembeni. Nilitoka na bahasha, nikapanda pikipiki mpaka Katuba, nami njiani najiambia kwamba nitarudi, amesema nitarudi. Nimeeleza hivi kirefu kwa sababu watu wengi wakisikia "alisaini mwenyewe" wanafikiri mtu huyo alikuwa huru. Mwenye mimba ya miezi sita na nusu, mshahara wake uko chini ya mkono wa mtu mwingine: uhuru hapo ni mdogo sana.

Jumapili jioni roho haikutulia. Nikamwandikia shefu kwenye simu: "Shefu, kesho nije saa ngapi?" Akajibu: "Mama we pumzika, ulishasaini. Ukishazaa tutaona kama nafasi ingali ipo." Nilikasirika, nikataka kuufuta ule ujumbe nisiuone tena. Yaya yangu, dada yangu mkubwa anayekaa Kamalondo, ndiye aliyenikataza. Alisema, "Usifute hata herufi. Nitumie mimi pia." Nikapiga picha skrini, nikamtumia. Bila yaya, habari hii ingekuwa na mwisho mwingine.

Nyumbani maneno yalikuwa mawili. Mume wangu alitaka tumwachie Mungu. Alisema ukimshitaki tajiri mmoja mjini hapa, matajiri wengine wote wanakufungia mlango. Simlaumu, aliogopa kwa ajili yangu. Mama mkwe ndiye aliyenishangaza. Nilidhani atasema mwanamke mwenye mimba akae kwake anyamaze. Badala yake aliniuliza karatasi zangu ziko wapi. Nikamletea mfuko wa nailoni: kontra mbili kati ya tatu, karatasi kumi na kitu za mshahara, fishi ya kliniki. Yeye miaka mingi ameuza samaki soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hajui kusoma Kifaransa, lakini alizipanga zile karatasi moja moja juu ya mkeka, akasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari. Hizi ni chache, ila si bure."

Yaya alinipeleka kwa mawakili. Wengi hawajui kwamba chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Unaweza kuanzia hapo kabla hujatoa hata franka moja. Mimi nilianzia mahali pabaya, kwa mtu mmoja aliyejiita avoka, akachukua dola 30 zangu na asionekane tena. Omba kadi, uliza kama yupo kwenye orodha ya mawakili, na malipo yaandikwe mapema. Wakili wa pili, mwanamke, alinisikiliza mpaka mwisho. Aliifungua Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, pamoja na marekebisho ya 2016, akanisomea kwa Kifaransa na kunifasiria kwa Kiswahili chetu.

Kwanza alihesabu kontra. Sheria hairuhusu mfanyakazi yuleyule kupewa na mwajiri yuleyule kontra za muda zaidi ya mbili, isipokuwa kazi za msimu na nyingine chache zilizotajwa. Ya tatu ikianza, au ukiendelea kazi baada ya muda kwisha, basi kwa nguvu ya sheria mkataba wako umekuwa wa muda usio na mwisho. Kwa hiyo lile neno la "kontra yako imekwisha tangu mwezi wa nane" halikuwa na miguu. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa kudumu tangu mwezi wa tatu, na sikuwa najua.

Kisha kifungu cha 62: mimba, kuzaa na yatokanayo na kuzaa si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi, wala kukosekana kazini kwa likizo ya uzazi. Kifungu cha 63: aliyefukuzwa bila sababu halali ana haki ya kurudishwa kazini, na asiporudishwa mahakama inamwekea fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36. Mwajiri anayevunja mkataba lazima aandike barua na aitaje sababu. Preavi, yaani siku za taarifa, ni siku 14 za kazi, zinaongezwa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja uliotimia, kwa hiyo siku 21.

Alipofika kifungu cha 130 alisoma polepole. Wiki 14 za likizo ya uzazi mfululizo, hadi wiki 6 kabla ya kujifungua na hadi wiki 8 baada yake. Theluthi mbili za mshahara. Katika muda huo mwajiri haruhusiwi kuvunja mkataba. Halafu akasoma maneno haya: mtoto akiwa hai au asipokuwa hai.

Hapo nilimsimamisha. Mwaka uliotangulia, mama mmoja tuliyefanya naye kazi alizaa mtoto aliyekufa. Siku ya tisa alikuwa amerudi depo, kitambaa cheusi kichwani, maziwa yanamtoka na kulowesha blauzi, kwa sababu aliambiwa likizo ni ya wenye watoto wa kunyonyesha na yeye hana wa kunyonyesha. Sisi sote tulikuwepo. Tulimpa pole, tukachanga za mkeka na chai, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba kitabu kimeandika wazi haki ya mwanamke wa namna yake. Hasira niliyoipata pale ilikuwa kubwa kuliko ile ya jambo langu mwenyewe. Nadhani ndiyo iliyonipeleka mpaka mwisho.

Jambo la kufahamu: huwezi kwenda moja kwa moja mahakama ya kazi. Ugomvi wa mfanyakazi mmoja na mwajiri wake lazima upite kwanza kwa inspekta wa kazi kwa usuluhishi, la sivyo mahakama haikupokei. Muda nao unahesabiwa. Madai yatokanayo na mkataba yanakufa baada ya miaka 3, lakini madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka 1 tu. Nimekutana na wanawake waliongoja mtoto atembee kwanza, wakakuta mshahara wao umekwisha kufa kisheria.

Tarehe 14 Novemba, Jumatatu, nilipeleka malalamiko yangu kwa inspekta. Mvua ilikuwa imeanza, nilifika na tope mpaka magotini. Ofisi ilikuwa na meza mbili na mafaili mpaka darini. Barua yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu: tarehe, kilichotokea, ninachodai, basi. Wakili alikuwa amefuta aya zote nilizoandika kuhusu tabia ya shefu. Alisema uchungu nitauleza kwa mdomo, karatasi ibebe mambo yanayopimika. Pale sikulipa kitu zaidi ya fotokopi na nauli.

Mwito wa kwanza ulikuwa mwezi wa 12. Depo hawakuja. Nilikaa kwenye benchi la mbao muda wa saa tatu na tumbo la miezi minane, nikarudi. Siku hiyo nilitaka kuacha. Mwito wa pili ulikuwa mwezi wa kwanza, na mimi ndiye sikuweza kwenda, kwa maana tarehe 19 Januari 2023 nilijifungua. Mtoto wa kike, kilo 3 na gramu 100. Bili ilikuwa dola 135. Tulilipa kwa zamu yangu ya likelemba, ambayo mama wa kikundi walikubali kuisogeza mbele kwa huruma yao. Nayo hiyo, kumbe, ilikuwa juu ya mwajiri: kifungu cha 177 kinamlazimisha kutoa matibabu kwa mfanyakazi na familia yake, mimba na uzazi vikiwemo, hata mkataba ukiwa umesimamishwa. Tunza kila risiti ya kliniki. Mimi nilikuwa na risiti ya kujifungua na nikakosa nyingine zote.

Tarehe 27 Februari tulikutana. Upande wa depo alikuja shefu na wakili wao, mwanaume wa makamo aliyeongea vizuri na kwa adabu. Mimi nilikuwa na wakili wangu, na mtoto mgongoni. Inspekta alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, miwani inaning'inia kwenye kamba. Wakili wao alitoa karatasi moja tu, ile ya mistari minne. Akasema, "Mama Inspekta, hakuna kufukuzwa hapa. Mfanyakazi aliandika barua mwenyewe akaacha kazi."

Inspekta aliivaa miwani, akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akaomba kitambulisho changu, akakiweka kando ya ile barua, na kidole chake kikatembea polepole chini ya jina langu. Jina la baba yangu lina herufi mbili ambazo watu wengi hukosea kuzipanga. Kwenye barua zilikuwa zimegeuzwa, juu na chini, mahali pawili. Inspekta akamgeukia wakili wao, akasema, "Huyu mama ameandika barua yake mwenyewe, na jina la baba yake halijui?"

Chumba kilinyamaza. Mtoto akaanza kulia, nikamshusha mgongoni nikamnyonyesha palepale, na inspekta akasubiri.

Wakili wangu akatoa picha ya ujumbe wa Jumapili: "Ukishazaa tutaona kama nafasi ingali ipo." Halafu kontra mbili na karatasi za mshahara za mwezi wa tisa na wa kumi, zile za baada ya kontra ya tatu kwisha. Shefu ndipo aliposema hakuwahi kuambiwa habari za mimba. Inspekta akamuuliza, "Kuzaa gani basi ulikomwandikia tarehe 30 Oktoba?" Hakujibu.

Kuhusu yale maneno ya kwamba "sidai kitu", inspekta alieleza kwamba mfanyakazi kusaini maneno ya namna hiyo hakumaanishi ametupa haki zake. Niliyasikia nikapumua. Lakini alinieleza na upande wa pili pia: saini ile bado ingeleta mabishano marefu mahakamani, na jaji ndiye angeamua kama nililazimishwa. Ndiyo maana nasema usisaini. Waambie unakwenda kuisoma nyumbani. Wakikubana kabisa, andika kwa mkono wako juu ya saini, "nimepokea, sikubaliani", na tarehe. Halafu piga picha kabla karatasi haijaondoka mezani, hata kama mkono unatetemeka.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: likizo ya uzazi ya wiki 14 kwa theluthi mbili, kama dola 474, preavi ya siku 21, kama dola 178, bili ya kujifungua, 135, sehemu ya siku zile 10 walizonikata, na fidia. Kurudi kazini waliniambia haiwezekani. Walianza na dola 300. Tukabishana, wakatoka nje kupiga simu, wakarudi. Tuliishia 1,150 kwa mafungu matatu, pamoja na cheti cha kumaliza kazi.

Nilikubali. Wakili aliniambia waziwazi kwamba mahakamani ningeweza kupata zaidi, labda zaidi sana, na pia ningeweza kungoja mwaka au zaidi nikiwa sina mshahara. Nilikuwa na mtoto wa wiki tano na nusu na deni la likelemba. Usiku mwingine naamka najiuliza kama niliuza haki yangu rahisi. Sina jibu. Mwingine mwenye akiba au mume mwenye mshahara wa kudumu, mimi ningemwambia aende mbele.

Fungu la kwanza la 450 lilikuja kwa wakati, la pili la 350 vilevile. La tatu lilikwama. Hapo nilijua faida ya ile karatasi ya usuluhishi iliyosainiwa mbele ya inspekta: wakili aliipeleka kwa rais wa mahakama iwekewe nguvu ya kutekelezwa kama hukumu. Depo walipopata habari walilipa ndani ya wiki. Wakili alichukua dola 150. Yule mwongo wa kwanza, 30. Nauli na fotokopi sikuandika zote, zitakuwa kama 40. Piga hesabu ujue kilichobaki.

Jambo moja niligundua kwa kuchelewa. Nilipokwenda CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kuuliza posho za mimba na uzazi, ambazo sheria ya hifadhi ya jamii ya 2016 inazitaja, nilikuta jina langu limetangazwa miezi michache tu. Mshahara wangu lakini ulikatwa 5% kila mwezi, imeandikwa kwenye kila karatasi. Mwajiri alipaswa kuongeza 13% zake na kupeleka zote. Nenda ukaulize ungali kazini, usingoje mimba. Mimi nilikuwa nimekwisha kusaini makubaliano, nikakosa pa kushika.

Kutafuta kazi nyingine kulichukua miezi sita. Sehemu moja nilipita mtihani wa maandishi, kisha wakanipa kichupa cha mkojo, wasichana tu, wavulana hapana. Kifungu cha 128 kinakataza kumdai mwanamke kipimo cha mimba ili aajiriwe, isipokuwa kazi ambayo mwenye mimba amekatazwa au yenye hatari kwake na kwa mtoto. Ile ilikuwa kazi ya kupokea wageni. Nilikirudisha kichupa mezani na kusema sheria hairuhusu. Hawakunipigia simu tena. Nilijua watafanya hivyo, na bado nafurahi kwamba nilikirudisha.

Yule mama aliyepoteza mtoto nilimtafuta. Nilimweleza vifungu, nikamwambia miaka 3 haijapita, twende pamoja kwa inspekta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akasema hawezi kumtaja mtoto wake mbele ya watu wale. Sikumsukuma. Nilimwachia nakala ya kifungu cha 130, nikaona anaikunja vizuri na kuiweka ndani ya Biblia.

Mwezi wa nane 2023 niliingia kazi kwenye duka la dawa mjini. Siku ya kwanza nilipeleka barua: nina mtoto anayenyonya, naomba zile nusu saa mbili kwa siku za kifungu cha 131, zinazolipwa kama saa za kazi. Mwenye duka hakuwa amewahi kuzisikia. Alisoma, akauliza saa ngapi na ngapi. Nikasema saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Akagonga muhuri. Basi kila siku saa nne binti ya yaya alishuka kwenye pikipiki na mtoto amefungwa kitenge, nami nikakaa naye kwenye kiti cha nyuma ya rafu za sirapu. Nakala ya barua hiyo iko kwenye bahasha ambamo mama mkwe ananitunzia karatasi, pamoja na zile kontra mbili.